Mwalimu wa Maneno Ishirini

Mwaka 1967 Simai Jecha alikuwa na cheti cha ualimu, mke mwenye subira aitwaye Kidawa, na tamaa moja: kwenda kusoma chuo cha ualimu Uingereza. Nafasi alishaahidiwa. Kilichobaki ni barua ya kumsifu kutoka kwa Mwingereza anayeijua kazi yake, na Mwingereza huyo alikuwa Bibi Fenwick, mkuu wa shule ya watoto wa wageni kule Shangani.

Shule yenyewe ilikuwa ghorofa mbili za nyumba ya mawe. Humo walisoma watoto wa mabalozi wadogo, wa madaktari na wa mafundi wakubwa wa simu, na kila kitu walisoma kwa Kiingereza. Jumanne na Alhamisi tu, saa nne asubuhi, darasa moja lilipewa nusu saa ya Kiswahili. Nusu saa hiyo ndiyo aliyopewa Simai, kwa kuwa darasa lake la serikali huko Ng'ambo lilikuwa la mchana. Aliyempeleka hapo ni mjomba wa mkewe, Mzee Borafya, mpishi wa shule. Ndiye aliyemwambia Bibi Fenwick kuwa kijana huyu ana adabu.

Bibi Fenwick alimkabidhi karatasi yenye maneno ishirini. Lete. Ondoa. Weka hapa. Funga mlango. Haya aliyaona yanamtosha mtoto kuishi Unguja.

Simai hakuanza na karatasi. Alianza na salamu. Aliwafundisha watoto kwamba mtu mzima akiingia, mtoto huinuka na kumwamkia, wala hangoji kuambiwa. Watoto walifurahi kama waliopewa mchezo mpya. Mzee Borafya alipoingia na sinia la maandazi na sharubati, watoto kumi na mmoja waliinuka pamoja.

"Shikamoo, Mzee Borafya."

"Marahaba," alijibu mzee, bilauri zikigongana kwenye sinia. Kisha akamwita Simai kwenye ngazi. "We mwanangu, utaniua. Miaka thalathini nnawapikia hawa, nshaitwa boi na watu ambao ningeweza kuwazaa. Leo mtoto wa balozi kaniinukia?"

"Si ndiyo adabu, mjomba?"

"Ndiyo. Lakini siku nyengine nambie mapema, nivae kanzu."

Wiki tatu mzee alikwenda kazini na kofia iliyofuliwa na kupigwa pasi. Sinia alilipeleka mwenyewe, hakumwachia mtu. Mtaa wake mzima wa Kikwajuni ulipata habari.

Ikatokea siku moja mke wa fundi wa simu ana wageni wa chakula cha usiku. Mtumishi wao, Bi Mwamvua, mwanamke wa makamo, aliingia na supu. Binti wa nyumba, mwanafunzi wa Simai, akaondoka kitini, akamwamkia mbele ya wageni, akakataa kukaa mpaka aitikiwe. Asubuhi yake mama mtu alikuwa ofisini kwa Bibi Fenwick.

Bibi Fenwick hakupaza sauti. "Bwana Simai, wazazi hawakuleta watoto hapa wafundishwe kuwainukia watumishi."

"Ni watu wazima, Madamu. Kwetu sisi—"

"Kwenu, sawa. Hapa ni kwetu." Akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi iliyopigwa chapa nusu, akaitazama, akairudisha. "Barua yako nataraji kuimaliza wiki hii."

Hapo ndipo mtu anapopimwa. Simai hakutishwa kwa kifungo wala kwa njaa. Alikuwa na kazi ya serikali, na nyumbani kwake chakula hakikukosekana. Alichoweza kupoteza ni safari tu. Na kwa safari hiyo alisema, "Nimefahamu, Madamu."

Asitafutiwe udhuru. Wapo wengi waliouza heshima za wazee wao kwa bei ndogo kama hiyo, kisha wakasema zama zimebadilika.

Alhamisi aliwaambia watoto kwamba wanaofanya kazi hapa hawana haja ya kuinukiwa. Yule binti wa fundi wa simu akauliza, "Kwani Mzee Borafya si mtu mzima?"

"Kaa. Fungua daftari," alisema Simai.

Mzee Borafya akaja na sinia. Alisimama mlangoni, ameshatayarisha uso wa kuitikia. Hakuinuka mtu. Akangoja kidogo, labda hawajamwona. Akamtazama Simai, na Simai akautazama ubao.

Mvulana wa mbele alinyoosha kidole mezani. "Weka apa."

Ulimi wa mwalimu uliitangulia akili. "Hapa. Sema hapa."

"Weka hapa," alisema mtoto, safari hii sawasawa.

Mzee akaweka. Akazipanga bilauri moja moja, asimwage hata tone. "Sasa kasema vizuri, mwalimu," alisema, akatoka. Kabla ya siku ile hakuwahi kumwita mwalimu.

Barua ilitolewa Jumamosi. Ilimsifu Simai kuwa ni mtu mtiifu, mwepesi wa kufahamu maelekezo.

Siku ya kusafiri, Kidawa alikwenda kwa mjomba wake kumwomba aje amuage mumewe. Alimkuta amekaa barazani, mikono magotini.

"Mwambie nna kazi," alisema mzee. "Nnapika."

Ilikuwa Jumapili, na shule ilikuwa imefungwa.