Kijiti Nilichompa Mama Akinyi

Naikumbuka Jumamosi ile, mwanangu, mvua za masika zimeanza, Mama Akinyi alipobisha mlangoni pangu hapa Makadara. Tuliishi ukuta kwa ukuta. Mlangoni nilikuwa na hibiskasi yenye maua mekundu, makubwa, ambayo marehemu mama aliileta kutoka ushago, kijijini kwetu, ikiwa kijiti ndani ya gunia bichi. Mtaa mzima ulinijua kwa maua yale, nami kichwa kilinivimba, sikufichi.

"Mama Njeri, si unigawie kijiti na mimi nipande?" aliniomba.

Kumnyima waziwazi niliona haya. Nikashika kisu, nikakata ncha changa ya kijani, nikamwambia, "Hapa ndipo hukatwa." Nilijua vyema kwamba hukatwa tawi lililokomaa, nene kama penseli, lenye macho ya kuchipuka. Ncha changa ikilowa huoza. Nilitaka maua yale yabaki kwangu tu.

Kijiti kikaoza. "Mkono wangu haushiki mmea, dada," akajilaumu. Mimi nikamwacha aamini hivyo.

Mwaka uliofuata nilienda ushago kumuuguza baba. Huku nyuma vibarua wakaja kuchimba mtaro wa maji taka, wakaing'oa hibiskasi ya mama, lori likaibeba na kifusi. Niliporudi nilikuta udongo mtupu. Kabla sijasema neno, Mama Akinyi akatoka kwake na mkebe wa mafuta ya kupikia uliojaa udongo.

"Niliwahi kuokoa katawi kamoja," alisema, machozi yakimlenga. "Nilikata pale juu palaini, vile ulinionyesha. Lakini kameoza tena. Nisamehe, mama."

Mwanangu, yeye ndiye aliyeniomba msamaha! Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nililia, naye akanikumbatia akidhani nalilia maua. Alihamia mtaa wa Komarock sijamwambia ukweli, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Kwa hiyo nisikize. Jirani akikuomba mche, mpe tawi ambalo ungelipanda wewe mwenyewe, na umwonyeshe macho yake. Ulichompa kwa moyo mweupe ni akiba yako, kwako kukikauka utakikuta kwake. Na ukimkosea, ungama mapema, angali jirani yako ukuta kwa ukuta, kwani majuto ni mjukuu. Mungu akubariki, akupe mkono wa kugawa, na mlango ambao majirani hawatachoka kuubisha.