Nane ya Muzee Lobo

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua hapa Bunia, mwanangu, nilipokuwa muuguzi kijana niliyedhani kwamba moyo mwema unatosha.

Daktari wetu alikuwa akijaribu dawa mpya ya kutuliza uvimbe wa jongo, ule ugonjwa unaojaza chembe ngumu ndani ya viungo, hata mtu akikanyaga huhisi vipande vya chupa. Kila wiki wagonjwa waliokubali kujaribiwa dawa walinitajia maumivu yao, kuanzia sifuri hadi kumi, nami nikaandika. Kazi ndogo, utasema. Lakini dawa ile ingehukumiwa kwa maandishi yangu, na mimi niliitamani ishinde. Dawa iliyojaribiwa kwetu, si Ulaya! Nilitembea mjini kifua mbele.

Muzee Lobo, aliyepima samaki wa watu huko Tchomia, kando ya ziwa, miaka mingi, aliingia amebeba kiatu kimoja mkononi, maana kidole chake gumba hakikuvumilia hata soksi. Akatania kwamba siku hizi mke wake anamwita nusu mume. Nilipomuuliza maumivu, akasema nane, kama wiki ya kwanza. Nikaandika nne.

Akainama, akaitazama karatasi, akaweka kidole juu ya ile nne.

"Mutoto yangu, mimi nilisema nane. Hii nne ni ya nani?"

Nikamweleza kwamba nilitaka dawa ipite, isaidie watu.

"Nilipima samaki, mimi. Mwenye kuweka kidole ku mizani, naye anasema anasaidia. Weye uko unasaidia dawa. Na huu muguu, nani atausaidia?"

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa nayaficha ya mwenzangu. Nikaikata ile nne kwa mstari mmoja ili ibaki kusomeka, nikaandika nane pembeni na jina langu. Kisha nikaenda kwa daktari, nikakiri namba hiyo na nyingine mbili nilizopunguza kabla yake. Alikasirika, akaniondoa kwenye kazi ile mwezi mzima. Lakini siku hiyohiyo alimtoa Muzee Lobo katika jaribio, akampa matibabu mengine, na baada ya majuma machache mzee akarudi Tchomia kupima samaki.

Dawa yetu iliwafaa baadhi, wengine haikuwafaa, nasi tulijua nani ni nani. Hilo ndilo ninalojivunia hadi leo, kuliko vyeti vyote vilivyo ukutani kwangu.

Basi, mwanangu, kazi yoyote utakayopewa, usiipambe kwa sababu unaipenda. Mtu akikuambia anaumwa, andika kama alivyosema, hata kama inakuvunja moyo. Na ukikosea, jisahihishe mbele ya watu, kwa jina lako.

Mungu akupe macho ya kuona maumivu ya mwenzako, na ulimi wa kuyasema yalivyo. Nenda na baraka zangu.