Farasi wa Mama, Mwenye Kwato za Ng'ombe

Watu wa Tororo walinicheka sana. Karani mzima, Jumapili kutwa nimekaa barazani nampaka gundi farasi wa plasta asiye na kichwa! "Huyo unamfuga wapi?" jirani alipenda kuuliza. Aulize tu. Kwetu hakuna aliyekuwa na farasi wa kweli, lakini wa kuchezea waliovunjika walikuwa tele, kwa sababu miaka ile ya mwanzo wa Uhuru Wazungu walikuwa wakifunga mizigo na kuacha vitu vya watoto wao. Mimi farasi hao niliwapenda, basi.

Wa kwanza alitoka nyumbani kwetu Bulumbi. Baba alikuwa mtunza farasi kwenye shamba la Mzungu upande wa Kitale, na alipoacha kazi alipewa farasi mwekundu wa plasta, kimo cha chupa ya soda. Akamweka juu ya kabati, kwenye kitambaa alichofuma mama. Baba alipofariki hakuna aliyemgusa tena ila mama, kumfuta vumbi. Sisi watoto tulikuwa tumeshaondoka wote. Mama alibaki na ng'ombe wake, kuku wake na yule farasi.

Siku moja kuku akaona juu ya kabati ndipo pa kutagia. Farasi chini, pa! Miguu yote ikawa unga kuanzia magotini. Nilipofika Jumamosi kuku alikuwa ameshaliwa, na farasi amelazwa kitandani, upande wa baba.

"Baba yako alisema farasi hulala amesimama," mama akaniambia. "Nikimwona huyu amelala hivi, naona kama tumemzika baba yako tena."

Moyo uliniuma. Nikamwambia atasimama, hata kama nitakesha.

Plasta niliomba zahanati, ile ya kufungia mifupa. Mifupa yenyewe nikaitengeneza kwa spoki za baiskeli. Nikawa narudi Jumamosi baada ya Jumamosi, mimi niliyekuwa naonekana Krismasi na Pasaka tu. Magoti yalikubali. Kwato ndizo zilizonishinda, maana farasi mzima sijapata kumwona kwa karibu. Nikajiambia, mnyama ni mnyama. Nikaenda zizini kutafuta mfano, na mama mwenyewe ndiye aliyenishikia mguu wa ng'ombe ili nione vizuri. Nikachonga kwato zilizopasuka katikati, nikazisugua kwa msasa, nikazipaka rangi ya viatu. Farasi akasimama! Mama alipiga vigelegele peke yake, nami nikarudi Tororo kifua mbele. Kazi ikanibana, sikwenda tena.

Mpaka siku moja mwenye duka kule Busia akanipa farasi wake wa udongo aliyevunjika shingo. "Chukua wewe, hii kwisha kufa." Nikamgeuza miguu juu. Lo! Kila ukwato ni mzima, hauna mpasuko popote, kama kikombe kilichofunikwa. Niliona haya pale pale dukani. Farasi wa baba nimemvisha viatu vya ng'ombe!

Nikabeba kikapu changu cha zana, mbio hadi Bulumbi. "Mama, zile kwato sizo!"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Miaka yote hii namfuta vumbi, mimi nisijue kwato zake?"

"Na ng'ombe ukanishikia!"

"Nikakushikia."

"Sasa mbona hukusema?"

Alijifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya leso, kisha akanitazama. "Ningesema, ungezitengeneza sawasawa ukamaliza. Ukimaliza, unakwenda. Nilijua siku utakapoliona kosa utarudi."

Nikakaa, nikakata ukwato wa kwanza na kuutengeneza upya. Nilipogusa wa pili, mama akanishika mkono.

"Huo ni wa Jumamosi," akasema, akaenda jikoni kuinjika chai.

Basi tukaendelea hivyo, yeye akisingizia rangi haijakauka, mimi nikisahau msasa Tororo kwa makusudi. Sijawahi kufanya kazi kwa uzembe mtamu namna ile. Ukwato mmoja ulituchukua msimu mzima wa masika.

Leo farasi yule yuko mezani kwangu, amesimama. Kwato tatu ni za farasi. Wa nne mama alisema tuuache mpaka Pasaka, na Pasaka hakuifikia. Gundi ninayo, msasa ninao. Sijaugusa.