Chai ya Maji ya Kisima

Hebu mwone Tuntufye anavyofika kwake asubuhi, ndoo kichwani, kanga imelowa hadi magotini. Anatoka mtoni. Njiani amepita kisima cha pampu, jirani kabisa na ua wake, kizima, mpini wake haujalegea. Hakusimama. Usimcheke, ndugu yangu. Kaa nikueleze.

Kisima hicho kilichimbwa na shirika la msaada, miaka mitano sasa, hapo kijijini Ikolo, wilaya ya Kyela. Siku ya kuzinduliwa watu walicheza ngoma. Maji yalitoka kwa nguvu, ila yalitoka na kutu. Ukiyalaza kwenye ndoo, asubuhi unakuta utando mwekundu juu. Ukipikia wali unageuka rangi na kunuka chuma, nawe unamjua mtu wa Kyela na mchele wake. Ukipikia chai inakuwa nyeusi kama wino. Basi polepole, bila mkutano wala ugomvi, watu wakayaachia kazi ya kuosha baiskeli na majembe. Ya kunywa na kupika wakarudi kuchota mtoni. Kuchemsha wanachemsha, kuni zikiwa kavu.

Masika ya mwaka jana kuni hazikukauka, na mto ulifurika ukapita vyooni. Mjukuu wa Tuntufye, Gwamaka, ndio kwanza anajifunza kutamka maneno, aliamka anaharisha. Jioni alikuwa analia bila machozi. Walimzika kesho yake kando ya migomba. Aliyekuwa akimnywesha maji ni Tuntufye mwenyewe.

Mwaka huu ikaja habari kwamba shirika linatuma watu kupima kama msaada wake umedumu. Mwenyekiti wa kijiji alisema wazi: wakiona kasoro watarudi, wachimbe kwingine au walete chujio. Wakiona mambo ni mazuri, wanafunga kazi, wanahamia wilaya nyingine. Wangeuliza nyumba chache tu, na ya Tuntufye ilikuwemo.

Doreen, jirani yake, alimkuta anachinja kuku, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Nsajigwa, kuna posa?"

"Nataka wale kwanza. Halafu nitawapa chai ya maji ya kisima. Wakishaiona kwenye kikombe, ndipo nitasema."

"Si useme wakifika?"

"Mgeni hujamlisha, umtwike msiba wako? Wewe umelelewa na nani?"

Doreen alicheka tu, maana naye amelelewa hivyo hivyo. Kwao mgeni huulizwa habari za alikotoka, hunawishwa, hula. Shida za nyumba husubiri vyombo viondolewe.

Aliyekuja, kwa pikipiki, ni binti anaitwa Sabrina, wa mwenye duka pale Kyela mjini, simu kubwa ya kuandikia majibu mkononi. Akaamkia vizuri, akakaa kwenye ukingo wa kigoda.

"Mama, kisima kinatoa maji?"

"Kinatoa."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Foleni je?"

"Foleni hakuna."

"Na shirika mnalionaje?"

"Ndaga fijo, mwanangu. Tunashukuru sana. Sasa nawa mikono, mengine tutaongea ukishakula."

Sabrina aliutazama wali uliotengwa mbele yake, akameza mate. "Nisamehe mama. Haturuhusiwi kupokea kitu kwa watu tunaowauliza. Wanasema tukila, majibu yanaharibika."

"Hata chai?"

"Hata chai, mama."

Akaaga kwa heshima zote, kwa kuwa nyumba nyingine zilikuwa zinamngoja na mawingu yalishafunga. Tuntufye akabaki ameshika birika.

"Umemwambia?" Doreen aliuliza.

"Hakula."

"Ungesema hivyo hivyo."

"Nimtaje Gwamaka kwa mtu ambaye hajagusa hata kikombe changu?"

Doreen akapakua. Wakala ule wali wao wawili, na kuku akabaki.

Kesho yake Tuntufye alikwenda kwa mwenyekiti, akaomba wampigie simu yule binti. Safari hii alisema yote: kutu, mto, mtoto. Sabrina akasema, "Pole mama. Nitawafikishia wakubwa." Na aliwafikishia, tusimwonee. Wakubwa wakamjibu kwamba majibu ya siku ya mahojiano ndiyo yanayohesabiwa. Na nyumba zile nyingine? Zilijibu kama Tuntufye. Nako wali ulipoa bila mgeni kuugusa.

Mwezi uliofuata mwenyekiti alisoma taarifa mbele ya mkutano: kisima kinatoa maji mwaka mzima, foleni hakuna, watumiaji wanashukuru, mradi umefanikiwa na umefungwa. Watu wakapiga makofi, kwa sababu aliyeleta habari hupigiwa makofi. Tuntufye naye alipiga.

Sasa mkwewe, mama yake Gwamaka, amejifungua tena, mtoto wa kike, na masika yanakaribia. Wewe ungekuwa pale, mgeni amekataa chai yako na anawasha pikipiki, ungemkimbilia barabarani na msiba wako mdomoni?