Betri ya orwa: nilivyoitoa chumbani kwa mama mkwe Kisegi bila kuvuka mlango

Wakuu, salaam kwenu wote, wenye magari na wenye miguu. Nakuja na story ya kweli, na ukibisha nitakupeleka Kisegi uonyeshwe nyumba yenyewe.

Wiki nzima naona humu mnatukanana juu ya magari ya umeme. Huyu anasema chaji mpaka themanini, yule anasema mpaka mia, mwingine betri yake imechoka anasema kampuni imemwibia.

Mimi shule niliacha mapema, hata ubao sikuuzoea. Lakini betri nimelea kama mtu analea ng'ombe wa maziwa. Kwa hivyo nyamazeni kidogo.

Miaka ya tisini nilikuwa na posho mill pale Rangwe. Yangu, si ya kuajiriwa. Stima ilikuwa inapita juu kwa nguzo ikienda kwa wakubwa, sisi tunaiangalia tu kama ndege.

Nikachukua dainamo ya lori lililokufa, nikaifunga kwa mkanda wa injini ya kinu. Akina mama wanasaga mahindi, betri za watu zinakula chaji hapo kando. Hakuna mtu alinifundisha. Mara ya kwanza ilinipiga shoti, ya pili ikakubali.

Betri yangu ya nyumbani sikuwahi kuimaliza hata siku moja. Picha ya TV ikianza kujikunja kwa pembe, nazima, kesho yake inarudi kinuni. Majirani walisema naringa, eti nafukuza wageni kabla ya taarifa ya habari kuisha. Sawa. Zao zilikuwa zinakufa, wananunua zingine. Yangu ikaendelea kuzeeka na mimi.

Sasa hapo ndipo kiburi kikanipanda. Nikaamua kumpelekea mama mkwe wangu TV ndogo, ile ya black and white, na betri mpya kabisa ya gari.

Kwetu mama mkwe anaitwa maro, na mimi kwake ni orwa. Kisegi nzima ilikuja kuona orwa ameleta nini. Shemeji yangu Ouma, kaka wa mke wangu, mchuuzi wa samaki mwenye mdomo kubwa kuliko samaki mbuta wa ziwani, alipanda mwenyewe kufunga aerial kwa mti mrefu.

Haikumaliza mwaka. Habari ikanifikia Rangwe kwamba betri imekufa. Ouma alikuwa anatembea sokoni akiambia watu kwamba orwa aliwaletea ng'ombe mgonjwa.

Hiyo ningeweza kumeza. Shida ni maro mwenyewe. Alisema siku tutakayokuja kumtembelea atanirudishia betri yangu mkononi, watu wakiona.

Wale msio wa huku, wacha niwaeleze. Zawadi ya mkwe ikirudi, hairudi peke yake. Inarudi na jina lako.

Mke wangu akaniambia wazi, "Akikurudishia hiyo kitu mbele ya mashangazi, wewe panda gari urudi Rangwe. Mimi nitabaki hapo kwanza mpaka aibu iishe." Na aibu ya Kisegi, wakuu, haiishi haraka.

Tukaenda.

Nikawekwa kwa kiti cha mkwe, karibu na mlango, nimejikunja kwa heshima. Kuku akaja. Mashangazi wamejaa. Maro ameketi mbali, ameangalia upande, kama inavyotakiwa.

Mimi macho yangu yako kwa waya. Naifuata kutoka kwa TV, inashuka ukutani, inapita chini ya pazia, inaingia chumba cha kulala cha maro. Betri iko chini ya kitanda chake, ati kwa sababu ya wezi.

Hapo nikashikwa. Mkwe haingii chumba hicho. Hata nyumba ikishika moto, utamwagia maji kutoka nje.

Basi nikaanza kuuliza pole pole kupitia Ouma, kama mtu anapiga story tu. Mnaangalia mpaka saa ngapi? Ouma akajisifu kwamba wao hawaachi mpira, wanaangalia mpaka picha inabaki kama kiberiti, mpaka inazima yenyewe.

Ikizima mnafanya nini? Wanaianika juani. Si mawe ya radio, zile betri ndogo, ukiyaanika yanaamka kidogo? Basi na hii ni hivyo hivyo. Halafu inakaa hapo imekufa, ikingoja siku gari ya kwenda sokoni kuchaji itapatikana.

Nikatafuna mfupa.

Na maji, nikauliza. Mnaiongezea maji?

Hapo maro akajibu mwenyewe, bado ameangalia ukuta, na sauti yake ilikuwa na fahari. "Maji inapata. Natoa ziwani, nachemsha mwenyewe, napoesha, ndio nampa. Watu wa afya walikuja hapa na habari ya kipindupindu wakatuambia hakuna kiumbe kwa hii boma anywe maji bila kuchemsha."

Wakuu, mfupa karibu uniue.

Huwezi kucheka mbele ya maro. Na huwezi kumwambia kwamba maji ya ziwa, hata uyachemshe mpaka sufuria ilie, chumvi yake inabaki pale pale na inaua betri. Mkwe anayemwambia maro amekosea, huyo atarudishiwa mpaka kiti alichokalia.

Na kumbukeni, betri yenyewe inangoja kuletwa nikimaliza chai.

Nikafuta mkono. Nikamgeukia Ouma, lakini sauti nikaiachia ifike kwa mashangazi wote.

"Shemeji, hii betri hapa kijijini mnaiitaje?"

"Betri ya orwa. Si ni wewe ulileta."

"Na watoto wakiitaja?"

"Wanasema tu orwa. Orwa amezima, orwa ameamka." Akacheka.

"Sawa. Na orwa huwa analala wapi akija hapa?"

Ouma akageuka akaangalia pazia la chumba cha mama yake.

Shangazi mkubwa wa mke wangu akaweka kikombe chini. "Uwi," akasema polepole, "kumbe huyu mtu amelala chini ya kitanda cha maro miezi hii yote."

Maro akajifunika uso na leso. "Itoeni," akasema. "Itoke sasa hivi."

Ouma aliingia akatoka mbio akiwa ameikumbatia kifuani. Baadaye nilisikia shati lake liligeuka chujio, asidi haina adabu.

Hivyo ndivyo mgonjwa aliletwa kwangu uwanjani, na mimi sikuvuka mlango wa chumba kile. Nikafungua vifuniko. Bamba zimeshika ukoko mweupe kama meno ya mtu asiyepiga mswaki.

Mashangazi wananiangalia. Nikasema betri si mbaya, imeonewa tu na malazi. Nikasema maji ya mama ni mazuri kupita kiasi, ni ya watu, si halali kupewa chuma. Chuma kipewe yale ya chupa ya duka, ya betri, basi.

Halafu nikaongeza moja yangu, Mungu anisamehe. Nikasema betri ya mkwe huzimwa na mama wa nyumba peke yake, picha ikianza tu kujikunja. Ouma akataka kubisha. Maro akamgeuzia jicho moja.

Nikairudisha Rangwe, nikamwaga yale maji yake ya kipindupindu, nikaiwekea asidi mpya, nikaichaji polepole, injini ikinguruma chini. Sitawadanganya, ujana wake haukurudi. Nguvu iliyopotea kwa betri imepotea, hata uiimbie. Lakini kile kilichobaki kilisimama, kikakaa miaka mingi sebuleni, juu ya kigoda chake.

Hakuna mtu alinirudishia kitu. Mke wangu tulirudi naye.

Jumamosi moja mchana, Ouma amejaza nyumba na wavuvi. Penalti. Mpigaji ameweka mpira, anarudi nyuma, na pembe ya picha ikajikunja.

Maro akainuka, akazima.

Wanaume wazima walilia. Ouma akamwuliza mama yake kwa nini. Akamwambia, "Amechoka. Na wewe ukichoka si unalala?"

Ouma alishinda jioni yote ufukweni akiuliza kila mtumbwi kama ile mpira iliingia.

Sasa nyinyi wa magari ya umeme. Hii yenu haionji maji, najua. Na haipendi kukaa imejaa mpaka shingoni kila siku kama ya zamani, hapo soma kitabu cha gari lako. Lakini tabia ni ile ile. Usiinyonye mpaka ife. Ikifa usiiache imelala. Usiianike juani. Nyumbani ichaji polepole kama una usiku mzima, haraka ni ya safarini. Betri huharibiwa na nyumba inapokaa, mara chache sana na duka ilikotoka.

Na tafuta mtu wa kuzima ambaye huwezi kubishana naye.

Haya, semeni. Kwenu nani anashika swichi? Na kama kuna mtu anakumbuka ile penalti, Ouma bado anauliza.