Tarumbeta la Mchana wa Ramadhani

Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu alinitumia wimbo kwenye simu, akaandika: "Shangazi, hawa si watu wa Dunda?" Nikaweka sikioni. Magita mawili, kisha tarumbeta, saksafoni mbili na tromboni zikaingia pamoja, nami nikakaa chini hapo hapo jikoni, mwiko mkononi. Sikuwa nimeusikia tangu nina miaka saba, tukiishi mtaani Dunda, Bagamoyo.

Huenda hukuijua bendi hiyo. Usijilaumu. Jina la kiongozi wake, mwimbaji mwenye sauti ya kawaida tu, lilivuma kuanzia Bagamoyo likaishia Kerege, hapo jirani tu. Lakini wapulizaji wake wanne! Nasema bila kumung'unya maneno: pwani nzima hapakuwa na wa kuwashinda. Mpiga tarumbeta alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Alasiri alifanya mazoezi uani kwake, na bibi yangu, akitwanga pepeta za mpunga mchanga upande wetu, alijifanya amekerwa. "Kelele za shetani hizo," alisema, na huku mchi wake unalifuata tarumbeta.

Kila Ramadhani bibi alimpelekea jirani futari, kwa kuwa alikuwa kapera. Mbebaji nilikuwa mimi, na bakuli la mihogo ya nazi au tambi, limefunikwa kawa. Niliipenda kazi ile, maana aliniachia nipulize tarumbeta mara moja kabla ya kurudi.

Basi redio ikawaita kurekodi, na siku yenyewe ikaangukia Ramadhani. Adhuhuri, kabla hawajaondoka, nilichungulia uani nikamwona jirani kwenye bomba, maji mdomoni. Mbio hadi kwa bibi: "Jirani anakula mchana!" Nilichokiona ni mtu anasukutua, anatia udhu. Lakini nilikuwa mtoto mwenye habari, na habari haikai tumboni.

Magharibi ile bakuli halikutoka. Wala kesho yake, wala Ramadhani zilizofuata. Wimbo ulipopigwa, redio yetu ilikuwa na betri chovu, ikakoroma hadi mwisho wa wimbo haukusikika. "Mtu aliyefunga hapulizi hivyo," bibi akasema, na mtaa ukaamini. Jirani aliapa, hakuna aliyemsikiliza. Redio iliupiga mara chache, ukapotea. Nilipokua nikaelewa nilichokiona bombani, nikanyamaza kwa aibu. Bibi akafariki sijamwambia.

Jikoni niliurudia wimbo mara tatu. Karibu na mwisho tarumbeta linapanda, linakwaruza, linakatika kabisa, na wale watatu wanaruka kuziba pengo. Hiyo ni midomo iliyokauka. Aliyekunywa maji hakatikiwi vile.

Jana nilikwenda Dunda. Jirani ni mzee sasa, meno ya mbele hana, na wenzake watatu wametangulia mbele ya haki. Siku hizi mtaani hakuna bendi, na pepeta watu wananunua ikiwa tayari kwenye mfuko. Ua wetu una duka la vocha. Niliukumbuka ule mlio wa mchi na tarumbeta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea!"

Nikamwekea wimbo. Ulipofika pale pa kukatika akafumba macho.

"Ndiyo hapo," akasema. "Kiongozi hakusema nami mwezi mzima. Nililia kama mtoto. Kumbe Mola ananiwekea ushahidi."

Nikamweleza yote, ya bomba na ya bakuli, nikamwomba radhi, ya marehemu na yangu. Akacheka kwa ufizi.

"Bibi yako nilimsamehe siku ya maziko yake," akasema. "Wewe subiri kwanza. Hebu uanzishe wimbo tena toka mwanzo."