Mto Alioukalia Mzee wa Kanisa

Mbwa wangu ni wa wale weupe wenye manyoya tele, masikio ya kusimama na mkia uliojikunja juu ya mgongo. Akili anayo, adabu hana. Landilodi wangu wa Nairobi alichoshwa na kelele zake, nikampeleka kwa mama, huku kijijini Kebirigo. Mama alimtazama, akauliza, "Huyu ni kondoo au ni kitu gani?"

Alibwekea kila kitu. Jani la mgomba likianguka, anabweka. Wachuma chai wakipita, anabweka. Ukimwambia nyamaza, anakutazama kama mwalimu aliyekatizwa darasani, kisha anaendelea. Sabato moja maombi yalifanyiwa kwetu, naye akabweka kutoka "Baba yetu" hadi "Amina". Mzee wa kanisa akasema angerudi tuzungumze. Mama akaniambia, "Mzee akisema mbwa aende, ataenda." Sikuwa na pa kumpeleka. Moyo uliniuma, jamani.

Siku hizo hizo akaanza kunyonyoka. Mbwa hawa wana manyoya ya ndani, na msimu ukifika yanatoka matonge kwa matonge. Mama alidhani ni ugonjwa, akashika mkasi amnyoe. Nilipiga mayowe! Hawa hawanyolewi, nikamwambia, manyoya huenda yasiote tena vizuri. Wanachanwa tu. Basi akachukua chanuo, akawa anamchana kila jioni huku akimgombeza, na yule mjinga amelala chali, kimya. Manyoya yalikoenda sikuuliza. Mama hatupi kitu.

Ijumaa alasiri mzee akaja. Mgongo ulikuwa unamsumbua, akajishusha polepole kwenye kiti chenye mto mpya. Akajisogeza. Akajisogeza tena. Uso ukamlegea.

"Dada, mto huu mmenunua wapi?"

"Hatukununua, mzee."

"Ni pamba?"

"Si pamba."

"Basi ni sufi."

Nilimkonyeza mama hadi jicho likaniuma. Lakini mama hajawahi kusema uongo, sembuse Sabato ikikaribia. Wakati huo mbwa akaingia, akanusa mto, akamtazama mzee. Kwa mara ya kwanza hakumbwekea mgeni. Alijilaza tu miguuni pake.

"Nimeyafua vizuri, mzee," mama akasema. "Lakini ni huyo uliyemkalia."

"Nyasae! Mungu wangu!" Mzee aliruka juu. Akatazama mto, akatazama mbwa, akatazama mto tena. Mimi nilishaanza kuwazia boksi la kumbebea mbwa wangu. Kisha mzee akashika mgongo wake, akaketi tena palepale, taratibu.

"Huyu hunyonyoka mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara mbili!" nikadakia.

Akaupapasa mto.

"Basi na akae," akasema. "Mke wangu naye mgongo unamsumbua."